Jinsi Tawi la Chama Linavyoweza Kumtetea Kibarua Mgeni kwenye Tumbaku ya Tabora

Msimu wa tumbaku unapofika, Urambo, Kaliua na Sikonge hupokea watu wengi wanaotafuta kibarua. Wamo Waha kutoka Kigoma, wamo watu wa Ulyankulu ambao wazazi au babu zao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wamo Warundi waliovuka mpaka juzi kupitia Manyovu. Kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi anayetaka kuwasimamia aanze kwa kuwatofautisha, kwa kuwa shambani wote huitwa "wageni" na wote hupunjwa kwa jina hilo. Mha ni mwananchi kama Mnyamwezi. Mtu wa Ulyankulu aliyepewa uraia ni raia, na cheti chake kinatosha kumnyamazisha anayemwita mkimbizi. Anayebaki ni Mrundi anayepaswa kuwa na kibali cha kazi kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, sheria ambayo, na hili wajumbe wengi hulisahau, inamtia hatiani mwajiri aliyemwajiri bila kibali kama inavyomtia hatiani mfanyakazi mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 9, inampa mfanyakazi uhuru wa kujiunga na chama, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka. Kwa mashamba, chama chenyewe kwa kawaida ni TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo. Hata hivyo, kibarua aliyechoka hashawishiwi na namba za vifungu. Mpelekee mtu wa lugha yake: Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo mwanachama mmoja kutoka Kasulu, Kigoma, atafanya kwa jioni moja kazi ambayo katibu msomi hataimaliza kwa mwezi. Mwandikie mwajiri barua ya kuomba kuingia shambani, kwa sababu sheria inawaruhusu viongozi wa chama kuingia kwa masharti ya kuridhisha ya muda na mahali, kisha pendekeza saa za usiku kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Moto wa kukausha majani hauachwi peke yake, na mtu anayechochea kuni hadi alfajiri ana muda wa kusikiliza.

Kazi kubwa kuliko zote ni daftari. Vibarua hawa hupatana kwa mdomo: chakula, mahali pa kulala, na fedha baada ya tumbaku kuuzwa. Soko likifika, hesabu yote imo kichwani mwa mwajiri. Nunua madaftari madogo ya shule, mpe kila mmoja lake, na mwonyeshe jinsi ya kulijaza: tarehe, kazi aliyofanya, saa aliyoanza na aliyomaliza, fedha au unga aliokopeshwa (debe moja lisiloandikwa hugeuka matatu siku ya hesabu), na sahihi ya mnyapara kila Jumamosi. Asiyejua kuandika achore kijiti kwa kila siku, na mjumbe aandike tarehe pembeni. Niliwahi kuona daftari la namna hiyo mezani kwa msuluhishi, limeiva kwa moshi na utomvu wa majani, lina vijiti 119. Mwajiri alikuja mikono mitupu. Hapo kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kilifanya kazi yake, maana mwajiri asipoleta mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa huwa wake.

Kisha zihesabuni siku. Madai ya ujira yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na madai ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Ulinzi dhidi ya kuachishwa huko haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na kibarua wa msimu mara nyingi yumo humo, kwa hiyo daini ujira wake kwanza. Mgeni huambiwa asubiri soko lijalo, akasubiri, kisha akarudi kwao. Tawi letu liliwahi kuchelewa hivyo, tukalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, huku wadai watatu wakiwa wameshaondoka. Siku hizi tunajaza fomu namba moja, ile ya kupeleka mgogoro kwenye Tume, wakiwa bado wapo, tunampa mwajiri nakala na kuchukua sahihi yake ya kupokea, na kiongozi wa chama ndiye huwawakilisha.

Kwa asiye na kibali, uwe mkweli. Kadi ya chama haimzuii mtu kukamatwa, na aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu bila ruhusa anabanwa pia na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Kinachofaa, mara nyingi kuliko kesi, ni barua ya madai inayotaja siku, kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mwajiri anayetishia kuwaita Uhamiaji siku ya malipo anajua kuwa naye ataulizwa alimwajiri vipi.

Wanachama wenyeji watanung'unika kuwa wageni wanashusha bei ya kibarua. Wasipuuzwe, kwa sababu bei kweli hushuka. Ila anayeishusha ni anayelipa. Huko Delano, California, wenye mashamba ya zabibu walizoea kuwatumia Wamexico kuvunja migomo ya Wafilipino, na Wafilipino kuvunja ya Wamexico, mpaka mwaka 1965 Wafilipino walipogoma wakiwa na kiongozi wao Larry Itliong, na Wamexico wa chama cha César Chávez wakaungana nao. Mwaka 1966 vyama vyao vilikuwa kimoja, na mwaka 1970 wakulima wakubwa wa zabibu walisaini mikataba. Tawi la Tabora nalo lidai, katika makubaliano ya pamoja, bei moja kwa bani moja, aliyeijaza awe Mnyamwezi, Mha au Mrundi. Makubaliano yakishasainiwa, yasomwe kwa sauti kwa Kiswahili na kwa Kiha, palepale shambani, mnyapara akiwepo, kabla ya jani la kwanza kuchumwa.