Kupogoa kilele na kulaza matawi ya mpilipili unaokuzwa ndani ya nyumba

Mpilipili unaokuzwa chumbani chini ya taa hupata mwanga kutoka juu tu, na nguvu ya mwanga huo hupungua upesi kadiri jani linavyokuwa mbali na taa. Ndiyo maana mche ulioachwa urefuke wenyewe huwa na kilele kinachokaribia kuungua, huku majani ya chini yakififia na kupukutika. Dawa yake ni kuufanya mmea uwe mpana, ili ncha za matawi yake yote zikae karibu kimo kimoja.

Ncha ya shina kuu hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo husafiri kuelekea chini na kuyazuia machipukizi yaliyolala kwenye makwapa ya majani, yaani pale jani linapoungana na shina. Ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na machipukizi yaliyo chini kidogo ya mkato huamka na kuwa matawi.

Subiri mche ufikie kimo cha sentimita 15 hadi 20 na uwe na majani 6 hadi 8, bila kuyahesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka na mbegu. Usichelewe sana, kwa sababu mpilipili una tabia ya kugawanyika wenyewe na kutoa ua la kwanza penye panda. Ukikata baada ya hapo, unaurudisha nyuma mmea uliokwisha kuifanya kazi hiyo bila msaada wako. Kwa mkasi mkali uliopanguswa kwa spiriti, kata shina karibu nusu sentimita juu ya kifundo (mahali jani linapochomoza) cha jani la nne au la tano kutoka chini, kwani kisiki kirefu hukauka au kuoza bila faida. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana virusi vya batobato ya tumbaku huweza kuhama kutoka kwenye vidole hadi kwenye mpilipili, na mmea ulioambukizwa hauna tiba.

Kwa siku kadhaa mche utaonekana umesimama. Wengi hukimbilia kuuongezea mbolea wakati huo, jambo ambalo naliona ni kosa, kwani mmea wenye majani machache hauwezi kuitumia, na chumvi zake hubaki udongoni zikiiumiza mizizi. Uache pia kwenye chungu chake cha zamani hadi uchipue.

Matawi mapya yakifikia urefu wa kiganja, yalaze. Toboa matundu kwenye ukingo wa chungu, kisha uyavute matawi kuelekea nje kwa vipande vya kitambaa laini au waya uliofunikwa kwa plastiki. Fanya hivyo kabla ya kumwagilia, kwa kuwa tawi lililojaa maji huvunjika kwa urahisi, na kwa mkono mmoja ulishike pale linapoungana na shina, kwa sababu hapo ndipo hupasuka. Lishushe kidogo leo na kidogo baada ya siku mbili tatu, bila kulilazimisha. Likipasuka kwa bahati mbaya, libane mara moja kwa utepe, na mara nyingi litaunga. Ncha zitageuka zenyewe kuelekea kwenye taa. Kila wiki legeza vifungo, la sivyo vitalikata tawi linaponenepa.

Majani mabichi yasiondolewe ovyo. Yatoe yale tu yaliyogeuka manjano au yanayogusa udongo.

Kupogoa huchelewesha maua, hivyo asiyekuwa na muda wa kutosha alaze shina bila kukata chochote. Kwa pilipili hoho zenye matunda makubwa, mimi huacha mkasi kabisa, kwani matawi mengi huzaa matunda mengi madogo. Vitumba vya maua vikionekana, acha kukata, na maua yakifunguka yatikise taratibu kila siku, kwa kuwa chumbani hamna upepo wala nyuki wa kusambaza chavua.