Namna ya kuanzisha triaji inayoaminika katika kitengo cha dharura cha hospitali ya wilaya

Triaji ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika. Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia muuguzi kiongozi wa hospitali moja ya wilaya, ambaye alikuwa na fomu za kutosha na rangi nne zilizobandikwa ukutani, lakini wagonjwa mahututi walikuwa bado wakikutwa kwenye benchi wakisubiri zamu pamoja na wenye mafua. Tulitumia mfumo wa triaji wa Afrika Kusini, ambao chimbuko lake ni kikundi cha wataalamu kilichoundwa Cape Town mwaka 2004. Ninaupendelea kwa sababu muuguzi anaweza kuufanya peke yake bila kumsubiri daktari wala majibu ya maabara.

Hatua ya 1: Triaji itangulie faili

Weka meza ya triaji kabla ya dirisha la kufungua faili na la malipo. Mlinzi wa getini, ambaye ndiye wa kwanza kuwaona wanaoshushwa kwenye bajaji, afundishwe kumwita muuguzi mara moja anapomwona mtu asiyeitika, anayehangaika kupumua, anayetoka damu nyingi au mwenye degedege.

Hatua ya 2: Vifaa

Kipimajoto, mashine ya presha, kipima oksijeni cha kidoleni, glukomita (kipima sukari ya damu), na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Simu isitumike badala ya saa, kwani hushikwa kwa mikono yenye glavu chafu na ujumbe ukiingia hesabu hupotea.

Hatua ya 3: Hesabu pumzi kwa dakika nzima

Hapa ndipo triaji nyingi huharibikia. Presha, joto na mapigo ya moyo husomwa kwenye mashine, lakini pumzi huhesabiwa na mtu, na mtu aliyechoka huandika 20 bila kutazama kifua. Mfumo huu hutoa alama kwa kila kipimo, na jumla ya alama ndiyo huamua rangi, yaani uharaka wa kuonwa. Katika jedwali la watu wazima, pumzi 9 hadi 14 hupewa alama 0, 15 hadi 20 alama 1, 21 hadi 29 alama 2, na 30 au zaidi alama 3. Chukua mfano wa mzee mwenye nimonia anayeingia akishikiliwa na mwanawe: kutembea kwa msaada ni alama 1, mapigo 108 ni alama 1, na presha yake, joto lake na fahamu zake haziongezi kitu. Ikiwa anapumua mara 30, jumla yake ni 5, naye anastahili kuonwa ndani ya dakika 10. Ikiwa fomu imeandikwa 20, jumla inashuka hadi 3, na mzee huyohuyo anaweza kusubirishwa saa nzima.

Kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne sikukubali kamwe, kwa kuwa pumzi moja iliyokosewa huwa kosa la pumzi nne, na hilo linatosha kubadili rangi. Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu, maana atabadilisha upumuaji wake; endelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, huku macho yakiwa kifuani. Kama amejifunika kanga, koti au baibui, vuta pazia kwanza, kisha uombe ruhusa ya kuweka kiganja juu ya tumbo, kwa sababu kukisia kupitia nguo nzito ni sawa na kutohesabu. Kwa mtoto mdogo tazama tumbo. Anayelia asubiriwe atulie, isipokuwa kama kifua kinabonyea au midomo imebadilika rangi, kwani huyo anapelekwa ndani bila kungoja hesabu.

Wala usidanganywe na kipima oksijeni. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa asidi anaweza kuonyesha asilimia 98 huku akipumua kwa kina na kwa kasi ya kutisha, na kasi hiyo ndiyo dalili yenyewe. Namba ya pumzi inayoonyeshwa na monita nayo ihakikiwe kwa macho, kwa sababu monita huweza kuhesabu kujigeuza kwa mgonjwa kama pumzi.

Hatua ya 4: Jumlisha na utoe rangi

Alama 0 hadi 2 ni kijani, ndani ya saa 4. 3 hadi 4 ni njano, ndani ya saa moja. 5 hadi 6 ni rangi ya chungwa, ndani ya dakika 10. 7 na kuendelea ni nyekundu, papo hapo. Maumivu ya kifua hupandishwa hadi chungwa hata kama alama ni ndogo. Watoto wana majedwali yao.

Hatua ya 5: Mafunzo ndani ya zamu

Kozi ya msingi ya huduma za dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 ni nzuri, na atakayepata nafasi aende. Hata hivyo, anayerudi na cheti akakuta wenzake wanaandika 20 kwa kila mgonjwa, naye ataandika 20. Kwa hiyo ninapendelea zoezi fupi wakati wa kukabidhiana zamu: wawili wanahesabu pumzi za mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja anaandika bila kuonyesha, kisha wanalinganisha. Tofauti ikizidi pumzi mbili, wanarudia. Madaktari nao washiriki.

Hatua ya 6: Kagua fomu

Kila wiki toa fomu kadhaa bila kuchagua, kisha usome safu ya pumzi peke yake. Ikijaa 16, 20, 24 na 28, mtu anazidisha kwa nne. Ikiwa na namba shufwa tupu, anahesabu nusu dakika. Fomu hizo zisiwe ushahidi wa kumwadhibu mtu, kwa sababu waliotishwa hujifunza haraka kubuni 17 na 23, na hapo ukaguzi hautakuonyesha chochote tena. Mwenye safu ya kutiliwa shaka apangwe kwenye zoezi la zamu inayofuata pamoja na muuguzi anayehesabu vizuri.