Wabongo na Wakenya mlioko Kampala: jino likioza ubavuni, pale linapogusana na jirani yake, msitoke na OPG (eksirei ya taya zima) peke yake

Naandika hili nikiwa na pengo chini kulia, na nimeharakisha kuandika kwa sababu wiki iliyopita mdogo wangu aliyekuja huku kusoma karibu apigwe picha ileile iliyonipotezea mimi jino.

Ilianza na nyama kunasa kila siku sehemu moja, kati ya gego la kwanza na jino linalolitangulia, halafu maji ya baridi yakawa yanachoma. Daktari akachungulia na kioo, hakuona shimo, akaniandikia karatasi niende kituo kingine kupiga OPG, ile ambayo unasimama unauma kijiti na mashine inakuzunguka kichwa. Nikalipa, picha ikatoka kubwa, meno yote na taya zima, nikaitupia kwenye grupu la familia. Shangazi yangu wa Mwanza akajibu kwamba hao wako vizuri, wamekupiga picha kubwa kabisa. Daktari naye akaitazama akasema hamna kitu. Miezi saba baadaye nikauma gonja (ndizi ya kuchoma) jino likapasuka, ndani kumeoza mpaka kwenye mizizi, likang'olewa.

Shangazi nakupenda ila ukubwa wa picha hausaidii hapa. OPG inalaza taya lililopinda liwe bapa, kwa hiyo meno ya pembeni yanapandana, hasa magego madogo, na pale yanapopandana ndipo penyewe kuoza kunakoanzia, chini kidogo ya sehemu meno yanapogusana. Tena haina ukali wa kuonyesha kidoa kidogo. OPG ni ya meno ya mwisho yaliyokwama, taya lililovunjika, uvimbe. Kuoza katikati ya meno usiitegemee, narudia, usiitegemee hata aliyekuandikia awe na kliniki ya vioo vitupu.

Picha unayotaka inaitwa baitwingi. Unawekewa kifaa kidogo ndani ya mdomo upande wa ulimi, unauma kishikio chake, mwale unapita katikati ya meno moja kwa moja, unapata vichwa vya meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Kwa kawaida ni moja kulia moja kushoto, na mionzi yake ni kidogo sana. Ikitoka, kabla hujashuka kwenye kiti, angalia mwenyewe: kati ya jino na jino kuna mstari mweusi mwembamba? Kama kuta za meno zimepandana basi mwale ulikaa upande, hiyo picha haina kazi, omba irudiwe, na usikubali kulipa mara ya pili kwa kosa la mpigaji.

Uliza KABLA ya kulipa: "mnapiga baitwingi?" Wakisema hawana, ondoka. Kuna vituo vina mashine ya OPG tu na utapewa iliyopo. Wakikushauri picha ya 3D kwa ajili ya kutafuta kuoza, kataa pia, mionzi ni mingi zaidi na meno yaliyozibwa yanatoa michirizi inayofunika kila kitu. Kuna wengine wana taa kali wanayomulika ubavuni mwa jino, palipooza panaonekana kivuli, haina mionzi kabisa, nzuri sana kwa mjamzito, ila haikwambii umebakiza kiasi gani kufika kwenye mshipa.

Hata baitwingi inachelewa. Jino linatakiwa lipoteze kama asilimia 30 hadi 40 ya madini pale ndipo weusi uonekane, kwa hiyo uozo wenyewe huwa mkubwa kuliko unavyouona kwenye picha. Lakini pia usikimbilie kuchimbwa, muulize daktari imeishia kwenye enameli (ganda gumu la nje) au imeingia kwenye dentini (tabaka la ndani yake). Ya enameli kwa kawaida haichimbwi, ni floraidi na uzi wa meno. Na kuna kivuli cha shingoni mwa jino, karibu na fizi, kinafanana na kuoza na sio kuoza.

Malipo ni mobile money, risiti dai. Bima ya nyumbani isahau, na Uganda yenyewe haina bima ya afya ya taifa, kwa hiyo kila picha isiyo na kazi ni hela inayotoka mfukoni mwako.

Kitu kingine kuhusu wenyeji wetu. Waganda wana adabu mpaka raha, na adabu hiyo kliniki inakuponza, mgonjwa haulizi na daktari hapendi kuulizwa mbele ya watu. Kiswahili nacho wengi bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi, ukianza nacho wanakaza uso. Anza na "oli otya ssebo" (salamu ya Kiganda kwa mwanaume), salimia mpaka mwisho, ndipo uulize maswali yako yote. Mimi niliona aibu kuuliza.

Na jamani mlioko nyumbani, msituombe picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini ili daktari wa huko aisome. Na wewe mgonjwa, omba faili lenyewe kwenye emaili au flashi, hata ukivuka mpaka wa Mutukula unalo.

Mdogo wangu kapigwa mbili jana, kulia na kushoto. Moja imeonyesha kidoa kimeishia kwenye enameli, amepakwa floraidi, na baadaye atapigwa upande uleule ilinganishwe na ya jana.