Uzamili wa Mawasiliano ya Kiufundi kwa Njia ya Mtandao: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Mtanzania anayefanya kazi ya zamu Houston au Manchester, huku familia yake ikiwa Mbagala au Tegeta, anaweza kusomea shahada ya uzamili ya mawasiliano ya kiufundi bila kuacha kazi, kwa sababu taaluma hii ya kuandika miongozo ya mashine, programu za kompyuta na vifaa tiba hufundishika vizuri kwa mbali. Texas Tech na Utah State za Marekani, pamoja na Chuo Kikuu cha Limerick kule Ireland, ni miongoni mwa vyuo vilivyoifundisha kwa njia ya mtandao.

Kabla ya ada, chunguza ithibati. Ukikusudia kurudi nyumbani na kuajiriwa serikalini au kufundisha chuoni, tarajia kuombwa uthibitisho wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo yenye jukumu la kutambua tuzo za vyuo vya nje. Waandikie mapema, taja programu yenyewe na kwamba inasomwa mtandaoni, kisha ulitunze jibu lao pamoja na vyeti vyako. Aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ajue pia kwamba kila muhula kozi ya mtandaoni inayohesabiwa katika masomo yake ya lazima ni moja tu, hivyo shahada ya mtandaoni mtupu haitamlindia viza hiyo.

Kama utarudi Dar es Salaam katikati ya masomo, piga hesabu ya saa. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni cha Houston huangukia saa tisa usiku wa Dar katika miezi yao ya baridi, na saa nane usiku wanaposogeza saa mbele. Nilivumilia muhula mmoja wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya niliyoandika daftarini sikuweza kuisoma asubuhi. Tafuta programu yenye vipindi vinavyorekodiwa.

Usijisumbue kutafuta uanachama wa Society for Technical Communication, chama cha wataalamu wa fani hii, ingawa miongozo ya zamani bado inaupendekeza; chama hicho kilisitisha shughuli zake mwaka 2025.

Nguvu zako zipeleke kwenye mkusanyo wa kazi, maana mwajiri wa fani hii hutaka kuona ulichoandika kabla ya kuuliza ulisoma wapi, na Kiswahili ni mtaji ambao wanafunzi wenzako wengi hawana. Kwa zoezi moja la darasani niliandika maelekezo ya kuingiza kwenye mita umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, nikampa shangazi yangu wa Temeke karatasi, nikakaa pembeni bila kusema neno. Aliandika zile tarakimu 20 nyuma ya bahasha, nne nne, akaanza kubonyeza, akasimama katikati. “Mwanangu, hapa nimekosea moja. Nafuta hii tu au naanza upya?” Karatasi yangu haikuwa na jibu, wala haikumshauri mtu azipange tarakimu nne nne, jambo ambalo yeye alilifanya bila kufundishwa na yeyote. Toleo la pili lilikuwa na hatua saba badala ya nne, na ndilo ninaloliambatisha hadi leo kwenye maombi ya kazi, pamoja na maelezo mafupi ya kilichobadilika na sababu yake.