Ukimshuku Mgeni Wako Kuwa Anasakwa kwa Uhalifu wa Kivita

Sisi watoto tulimwita Mjomba. Alikaa kwetu miaka sita, akanifundisha hesabu za sehemu kwa kukunja karatasi. Siku askari walipokuja kumchukua alikuwa akinishonea kifungo cha shati la shule. Aliichomeka sindano kwenye kola isije ikapotea, akanikabidhi shati, ndipo akanyoosha mikono.

Wiki tatu kabla ya hapo, mama alikuwa ameona picha gazetini: mtu kijana zaidi, mwenye jina jingine, lakini ndewe ya sikio la kushoto ilikuwa imekatika vilevile. Namwandikia yeyote aliye leo katika hali ile ya mama.

Jambo la kwanza, usimkabili. Usimuulize hata swali moja ambalo hukuwa ukimuuliza zamani. Mama aliendelea kumpakulia chakula kama kawaida, na najua sasa ilimgharimu kiasi gani. Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, aliishi miaka mingi nchini Brazili na familia ya Kihungari iliyomjua kwa jina la Peter. Kwa masimulizi ya mama wa nyumba ile, aliiona picha yake gazetini, akamuuliza, naye akakiri. Hakuondoka. Walizidi kuishi naye kwa miaka, na mwaka 1979 akafa akiogelea baharini bila kusimama mbele ya hakimu. Ukishamwambia unachokijua, ama atatoroka, ama atakufunga mdomo kwa hofu au kwa huruma.

Pili, jihoji wewe mwenyewe kwa ukali, na hapa usiharakishe. Mtu anayeweweseka usiku, anayekwepa kupigwa picha, asiyetaka kusimulia alikotoka, mara nyingi ndiye aliyetendewa unyama. Lafudhi si ushahidi. Kabila si ushahidi. Ukimtaja mkimbizi asiye na hatia, umemjeruhi mara ya pili. Tafuta kinachoweza kuthibitishwa: majina mawili kwenye hati, alama ya mwili inayolingana na picha, miaka isiyokubaliana katika masimulizi yake. Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi aliyesimamia kupelekwa kwa Wayahudi kambini, alijiita Ricardo Klement huko Argentina, lakini wanawe walibaki na jina la Eichmann. Mmoja wao alichumbia binti wa mzee kipofu, na mzee huyo ndiye aliyemwandikia mwendesha mashtaka Fritz Bauer, Ujerumani, mwaka 1957. Uso hakuuona. Alikuwa na jina la ukoo na maneno ya kijana, basi. Eichmann alikamatwa Mei 1960.

Tovuti ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, huonyesha baadhi ya watu wanaosakwa, ila si wote. Kwa hiyo usipomkuta humo, usijidanganye kuwa mambo yamekwisha.

Andika. Mama alitumia daftari la matumizi ya nyumbani: tarehe, maneno aliyoyasikia kwa masikio yake, majina ya waliomtembelea. Yale aliyoyadhani aliyaweka ukurasa wa nyuma, mbali na aliyoyaona. Kosa lake lilikuwa moja: alichoma barua mbili za Mjomba, akihofia kwamba zikikutwa naye ataonekana mshirika. Usichome wala kutupa kitu. Wala usimpekue, maana begi likisogea kidogo tu atajua. Na usirushe picha yake mitandaoni, hata kwa ndugu.

Kisha nenda polisi, au ofisi ya mwendesha mashtaka wa serikali, ukiwa mbali na nyumbani. Omba kuonana na wanaoshughulikia makosa makubwa, na uulize mapema kuhusu ulinzi wa shahidi. Katika nchi nyingi, kumhifadhi mtu bila kumjua si kosa. Kosa ni kumficha ukishajua. Usikatishwe tamaa na umri wake pia. Chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), uhalifu wa kivita hauna ukomo wa muda wa mashtaka. Félicien Kabuga, mfanyabiashara aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020, miaka 26 baada ya mauaji hayo.

Watoto msiwaambie kabla. Sisi hatukuambiwa, na sikumlaumu mama kwa hilo, kwa sababu uso wangu ungesema. Baada ya kukamatwa waambieni siku hiyohiyo, kwa maneno mepesi: anatuhumiwa kwa mambo mazito, mahakama itaamua, na kumpenda kwenu hakukuwa kosa. Mimi nilingoja miezi kuambiwa hilo la mwisho.

Mtakapohojiwa, semeni yote, hata wema wake. Mama aliogopa kutaja kwamba Mjomba alimuuguza dada yangu usiku kucha, akidhani anamtetea. Mpelelezi aliandika hilo pia. Na kabla ya kutia sahihi, omba usomewe maelezo yako upya tangu mwanzo, na lililokosewa lirekebishwe hapohapo.