Mwalimu, limeingia? Kupima rimoti na programu za kujibia maswali darasani

Nafundisha chuoni, na darasani nina wasioona, wenye uoni hafifu na viziwi. Muhula mmoja tulitumia programu ya maswali ya papo kwa papo. Mwanafunzi wangu asiyeona alijibu kila swali, asijue hata mara moja kama jibu lake limefika. Tangu siku ile, kifaa nakipima kwanza.

Hatua ya 1: Funga macho. Shika rimoti yenye vitufe vya majibu A hadi D, tafuta B kwa kidole, bonyeza, kisha badilisha iwe D. Umejuaje kwamba jibu limepokelewa? Kama ni taa ya kijani tu, asiyeona hakupata taarifa. Kama ni mlio tu, kiziwi naye hakupata. Kinachotetema huwafaa wote wawili.

Hatua ya 2: Programu ya simu. Washa kisoma skrini cha simu, yaani TalkBack (Android) au VoiceOver (iPhone), geuza uso pembeni, ujibu swali zima. Ukisikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jibu kutajwa, achana nayo. Kwenye Kahoot, programu ya mashindano ya maswali, kila rangi ya jibu ina umbo lake, na hilo humsaidia asiyetofautisha nyekundu na kijani. Lakini swali likibaki ukutani tu, mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, huenda asilisome. Ruhusu swali na majibu yatokee kwenye simu zao, nawe uyasome kwa sauti.

Hatua ya 3: Muda. Hapa ndipo tunapowaumiza wengi. Kiziwi humtazama mkalimani, kisha ukutani, kisha simu. Sekunde 20 zinakwisha mkalimani yuko chaguo C. Anayebonyeza kwa kidole kimoja kwa shida, vivyo hivyo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na wenye ulemavu, kwa kawaida unataka muda uweze kuzimwa, au kurefushwa angalau mara kumi. Mimi narefusha mpaka mwisho unaoruhusiwa, na pointi za kasi naziondoa. Nataka kujua nani ameelewa somo, basi.

Hatua ya 4: Pasipo vifaa. Kadi za Plickers, zenye mchoro unaosomwa na kamera, zinahitaji simu ya mwalimu pekee. Kila ukingo una herufi yake, na ulioelekezwa juu ndio jibu. Herufi zake ni ndogo mno, kwa hiyo nyuma ya kadi nadondosha gundi: tone moja ukingo wa A, mawili B, matatu C, manne D. Ikikauka, kidole kinasoma. Asiyeweza kuinua mkono huisimamisha mezani kwa kibanio.

Hatua ya 5: Mpe mwenyewe. Kaa naye dakika kumi, bila wenzake kutazama. Maswali matatu, usimsaidie. Akikuuliza, "Mwalimu, limeingia?", kifaa hicho bado.