Kamba fupi juu ya bati: fundi asifike ukingoni

Dodoma mvua huanza Desemba, kwa hiyo Oktoba na Novemba watu wengi hupanda juu ya paa kuziba matundu ya misumari, kufuta vumbi kwenye sola na kusafisha gata. Bati wakati huo lina vumbi kavu linaloteleza, na upepo wa mchana una nguvu. Anza saa 1 asubuhi, maliza kabla ya saa 5. Bati jipya la kubadilisha lisipandishwe kukiwa na upepo, maana hushika upepo kama tanga na kumburuta aliyelibeba.

Gata isisafishwe ukiwa juu ya paa. Isafishe kutoka kwenye ngazi au jukwaa. Ukingo wa paa ukiwa mita 3 kutoka chini, mguu wa ngazi ukae sentimita 75 nje ya mstari wa ukingo huo, ngazi izidi ukingo kwa mita 1, na juu ifungwe kwenye mbao ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Usiifunge kwenye gata, inang'oka. Kwenye udongo wa kichanga weka ubao chini ya miguu ya ngazi. Ngazi ya alumini ikae mbali kabisa na waya wa umeme unaoingia nyumbani.

Sasa mkanda wa usalama wa mwili mzima, unaomshika fundi asianguke. Wengi huununua pamoja na kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko, wakaona wamemaliza. Piga hesabu: kamba mita 2, kipunguza mshtuko kikifunguka kama mita 1.75, kutoka mgongoni hadi nyayo mita 1.5, na akiba mita 1. Jumla ni mita 6 na zaidi, kuanzia pale kamba ilipofungwa. Nyumba ya kawaida isiyo ghorofa haina nafasi hiyo, na fundi atagonga ardhi kabla kamba haijamshika. Huku kwetu kinachofaa ni kamba fupi isiyomruhusu kufika ukingoni kabisa.

Ifunge karibu na kofia ya paa. Legeza bati, zungusha mkanda wa kufungia kwenye mbao kuu ya kenchi, pale zinapoungana. Usifunge kwenye papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), bomba la hewa wala fremu ya sola. Kabla ya hapo ingia darini uichome mbao hiyo kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mchwa wameshaila, tafuta kenchi nyingine. Tumia kamba ya nailoni au poliesta ya milimita 11 au 12 isiyovutika sana. Ya katani iache, huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Inapopita kwenye makali ya bati, weka kipande cha tyubu ya tairi.

Urefu hupimwa hadi ukingo ulio karibu zaidi, na hapa ndipo makosa hutokea. Tuseme mbele ni mita 5, ubavuni mita 3. Kamba ya mita 4.4 itamzuia mbele, lakini akisogea pembeni itamwachia aanguke ubavuni. Ikate mita 2.4, ili sentimita 60 zibaki, au ufunge sehemu nyingine ya kenchi na uhamishe kamba kazi inapohama.

Kamba fupi haimzuii mtu kutumbukia ndani. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi. Bati la plastiki la kupitisha mwanga likishapigwa vumbi hufanana na la chuma, na halibebi mtu. Mmoja aingie ndani aone mwanga unapopita, kisha aliye juu, akiwa ameshafungwa, apaweke alama ya rangi na alaze mbao nene zinazoegemea papi mbili au zaidi. Asbesto za zamani zihesabiwe hivyo hivyo, na zisikatwe wala kutobolewa.

Chini abaki mtu mmoja, asitumwe dukani. Fundi akining'inia, ashushwe mara moja kwa ngazi ya pili iliyo tayari, kwa sababu mikanda ya mapaja hubana damu na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Zimamoto ni 114. Mkanda na kamba vilivyowahi kumshika mtu akianguka vikatwe vipande siku hiyo hiyo, mwingine asije akavivaa.